Nukta Mbili, Nukta Tatu

Ijumaa, tarehe 30 Septemba 2016, Gerben Riemersma atafunga kabati lake la spana na kuondoka Karakana ya Injini ya Boersen, hapa Zeeland, Michigan, baada ya utumishi wa miaka arobaini na saba. Mimi, Alvin Dozeman, nilikuwa msimamizi wake kwa miaka ishirini na sita ya mwanzo. Bi Kristin Boersen, mjukuu wa mwanzilishi, ameniomba niandike wasifu huu kwa ajili ya programu ya sherehe, na akanikumbusha nichekeshe kidogo kuhusu ile injini ya mchungaji.

Nitaieleza injini hiyo. Kwa miaka arobaini na mitatu nimeficha kwamba si Gerben aliyeiharibu. Niliiharibu mimi. Daktari wangu hatarajii nione theluji ya mwaka huu, kwa hiyo wasifu huu utabeba mambo ambayo programu za sherehe hazijazoea kuyabeba. Ninaomba usomwe wote, Gerben akiwa ameketi mbele pamoja na mkewe Roelie na binti yao Janna.

Gerben alikuja kwetu Juni 1969, kijana wa miaka ishirini na mmoja aliyetoka kwenye banda la kuku la baba yake, na buti alizovaa zilikuwa za baba huyo. Mzee Boersen alimtazama buti kwanza, uso baadaye.

"Unajua nini kuhusu injini, kijana?"

"Trekta yetu ina silinda nne, mzee. Ikiwashwa karibu na banda, kuku wanaacha kutaga."

Mzee Boersen alimpeleka kwenye gari lililokuwa likiunguruma, akachukua sarafu ya senti tano na kuisimamisha kwa ukingo juu ya mgongo wa injini. Sarafu ikasimama. Gerben aliitazama kama mtu anayetazama yai lililosimama lenyewe.

"Hii ni sita," mzee akamwambia. "Nne hubishana, nane hujigamba. Sita hufanya kazi."

"Na sarafu ikianguka?"

"Siku hiyo nitakurudisha kwa kuku wako."

Hakurudishwa. Mzee alimpa sarafu ile, na tangu hapo hakuna injini iliyotoka mikononi mwa Gerben kabla ya kusimamishiwa sarafu. Anayo hadi leo. Sura ya rais aliyechorwa juu yake imefutika, imebaki pua.

Waliowahi kuleta gari kwetu wanajua kwamba Gerben hakurudishii ufunguo kabla hujasikia historia ya silinda sita. Huanza na mwaka 1929, Chevrolet walipoacha nne na kuuza sita kwa bei ya nne. Mafundi waliicheka injini ile kwa sababu bolti zake zilifanana na za jiko la kuni, na jina la jiko likaiganda. Miaka ishirini baadaye waliocheka walikuwa bado wanaiendesha. Kutoka hapo huenda kwa Ford, ambao mwaka 1932 walitoka nne wakaenda moja kwa moja hadi nane, wakangoja hadi 1941 ndipo wakaikumbuka sita. Kisha Hudson, ambao mwanzoni mwa miaka ya hamsini walikuwa na sita kubwa yenye valvu za ubavuni, mtindo ambao tayari uliitwa wa kizee, na bado wakawaacha wenye nane kwenye vumbi la viwanja vya mashindano. Humalizia na ile ya 1960 kutoka Chrysler, iliyofungwa kwa kuinama upande mmoja kama mtu anayesikiliza mlangoni, ambayo wenye nayo walikuwa wakilalamika kwamba haifi ili wapate sababu ya kununua gari jipya.

Bibi mmoja wa Borculo aliwahi kumkatiza. "Gerben, mwanangu, nimekuuliza gasketi itafika lini."

"Nakuja hapo, mama. Sasa tupo 1941."

Mtindo wa kuwasha plagi wa sita hizi karibu zote ni mmoja: moja, tano, tatu, sita, mbili, nne. Gerben alimfundisha Janna kuhesabu kwa mpangilio huo, akidhani ni mzaha wa nyumbani. Mwalimu wa chekechea aliita wazazi. Alikuwa amempa mtoto karanga sita azihesabu, na mtoto akazihesabu zote bila kukosea jibu, ila kwa njia iliyomfanya mwalimu aketi. Inasemekana Roelie hakuzungumza na mumewe hadi chakula cha jioni. Janna leo ni mhasibu, na hesabu zake hufuata utaratibu wa kawaida.

Sasa vifuniko.

Chini ya injini kuna krenki, ule mhimili wa chuma unaozungushwa na pistoni. Umelala kwenye beringi, na kila beringi imefunikwa kwa kifuniko cha chuma chenye bolti mbili. Nash Ambassador, aina ya gari alilokuwa nalo Mchungaji Heemstra, lina vifuniko saba. Kiwandani vilichongwa vikiwa vimefungwa mahali pake, kwa hiyo kila kimoja ni cha nafasi yake tu. Kwa macho, cha pili na cha tatu ni mapacha. Ukivibadilisha, vitaingia, bolti zitakaza, na injini itawaka. Haitadumu. Ndiyo maana kwetu kila kifuniko hupigwa nukta kwa patasi: nukta moja, nukta mbili, hadi saba. Na fundi akimaliza kazi hupiga herufi mbili za jina lake kwenye bloki, yaani mwili wa injini, ili bloki ikirudi, ijulikane irudi kwa nani.

Jumamosi, tarehe 12 Mei 1973, gari la mchungaji lilikuwa juu ya shimo. Lilikuwa la marehemu baba yake, la mwaka 1950, na alilipenda kwa kiasi ambacho baadhi ya wazee wa kanisa walikiona kimezidi. Gerben alikuwa amebadilisha beringi zote, krenki imetegemezwa, vifuniko vimepangwa kwenye sinia pembeni ya shimo. Saa nane mchana simu ililia. Nilipokea mimi.

"Roelie amepelekwa hospitali," nikamwambia.

Alitoka shimoni na grisi hadi viwikoni. "Nimefunga cha kwanza, Bwana Dozeman. Sita vimebaki. Vipo kwa mstari kwenye sinia, kuanzia kushoto."

"Nenda."

"Cha pili kiko kushoto kabisa."

"Nenda, baba mtoto. Mtoto hasubiri spana."

Hospitali ilikuwa Holland, na Jumamosi ile Holland walikuwa kwenye sikukuu ya tulipu. Barabara ilijaa wanawake mia kadhaa wenye viatu vya mbao wakicheza. Askari alimsimamisha Gerben, akachungulia, akaona mikono.

"Bwana, umemuua nani?"

"Bado. Mke wangu anajifungua."

Askari alitembea mbele ya gari akipuliza filimbi, na wachezaji wakapasuka pande mbili bila kukosea hatua. Janna alizaliwa saa kumi kasorobo. Kila siku ya kuzaliwa kwake mtu wa karakana humwambia kwamba alikuja duniani kwa gharama ya injini moja, naye hucheka kama watoto wanavyocheka mzaha ambao wameukuta.

Mimi nilishuka shimoni kumalizia. Kiwiko changu kiligonga sinia na vifuniko viwili vikaanguka chini. Nilivifuta vumbi tu, nikavirudisha, nikavifunga. Nukta zilikuwa na grisi. Tukalisukuma gari kutoka juu ya shimo, tukaliwasha, nikasimamisha sarafu yangu mwenyewe juu ya injini. Sarafu ilisimama, maana sarafu hupima mtikisiko. Habari za beringi haizijui. Kisha nikachukua mihuri ya chuma nikapiga herufi kwenye bloki. Kazi ilikuwa ya Gerben, nikapiga GR.

Saa kumi na moja mchungaji alichukua gari lake. Jumapili lilimfikisha kanisani. Jumanne, kwenye barabara ya Grand Rapids, injini ilianza kugonga kwa ndani, na mkono wa pistoni ukatoboa bloki na kutokea nje. Mchungaji hakuumia. Bloki ya baba yake haikuweza kuzibwa, na gari likawekewa injini ya gari jingine, jambo ambalo kwa watu wa aina yake ni kama kumzika mzee na mguu wa jirani.

Gari lilipoletwa kwa kuvutwa, Gerben alikuwa anaonyesha picha ya mtoto. Aliiweka mfukoni, akafungua mwenyewe. Mzee Boersen alisimama na taa, mimi nikasimama nyuma ya mzee. Mahali pa kifuniko cha pili palikuwa na nukta tatu. Mahali pa cha tatu, nukta mbili.

Gerben alivitazama kwa muda mrefu. "Nilivipanga hivi?"

Mzee alisogeza taa karibu. Nilijibu mimi. "Herufi zako zipo kwenye bloki, Gerben."

Hilo lilikuwa kweli, neno kwa neno.

"Basi ni yangu," akasema.

Alidhani aliharakisha akapanga vibaya kwenye sinia, na mimi nikafunga nilivyokuta. Sikumwambia hivyo. Aliniambia yeye, ili nisijilaumu, na nikamwacha aniambie. Kwa miaka mingi, nikiwa peke yangu, nilijieleza hivi: ilikuwa bahati mbaya, niligundua Jumanne kama wengine, na kufikia Jumanne maji yalikuwa yamekwisha kumwagika.

Jumapili iliyofuata Mchungaji Heemstra alihubiri kuhusu mtumishi mwaminifu katika lililo dogo. Hakutaja jina wala gari. Wakati wa hubiri, kwa desturi yetu, pipi za mnanaa zilikuwa zinapitishwa kwenye mabenchi, na nakumbuka pipi zote zilisimama mdomoni kwa pamoja. Kanisa zima liligeuka kidogo kuelekea benchi la nane, alipokaa Gerben na mkewe na mtoto wa siku nane. Roelie alimnong'oneza kitu. Miaka mingi baadaye aliniambia alichosema: "Kaa wima. Injini tu hiyo." Mke wangu alinipa pipi ya pili, nikaipokea.

Wiki hiyohiyo, kwenye chumba cha chakula, fundi mmoja alifungua mkebe usio wake akaanza kula mkate wa mwenzake. Nikasema, "Umepiga Gerben." Chumba kizima kilicheka. Gerben naye alicheka, akaendelea kutafuna. Neno likabaki. Hapa kwetu anayefunga vifungo vya shati vibaya amepiga Gerben. Anayeita mtoto wake kwa jina la mbwa amepiga Gerben. Wageni hufundishwa neno hilo siku ya kwanza, pamoja na mahali choo kilipo. Wengi hudhani lilizuka lenyewe. Nililitunga mimi, na mimi ndiye niliyekuwa na sababu ya kulitunga.

Mafanikio yake mnayajua. Mwaka huohuo alichonga ubao wa mti wa mwaloni wenye vigingi saba, kila kigingi na nukta zake zilizochomwa kwa chuma cha moto, ili kifuniko kikitoka kiende kwenye kigingi na kisiguse sinia tena. Leo ubao wa namna hiyo upo kwenye kila meza yetu, na karakana za Muskegon na Kalamazoo zimekuja kuuiga. Tangu 1973 amefunga injini zaidi ya elfu moja na mia nne. Hakuna iliyorudi kwa kosa la mkono wake. Nimesoma daftari lote, na kwa hesabu yangu, hata kabla ya 1973 haikurudi.

Mara tatu alipewa usimamizi wa chumba cha kufungia injini, na mara tatu alikataa. Mara ya mwisho ilikuwa 1995, nilipostaafu. Nilimfuata kwenye meza yake.

"Chumba ni chako, Gerben. Kila mtu anasema hivyo."

"Aliyechanganya vifuniko hawezi kuwa mkubwa wa wanaovipanga, Bwana Dozeman."

"Miaka ishirini na miwili imepita, ndugu yangu."

"Chuma hakihesabu miaka," akasema, akarudi kwenye kazi yake. Usimamizi akapewa mtu mwingine, mwema, aliyefundishwa kazi na Gerben.

Ningeweza kuishia hapo, nikaacha haya yaeleweke kuwa habari ya cheo na jina. Lakini tangu mke wangu afariki, Gerben huja kwangu kila Alhamisi na chungu cha supu ya njegere. Huketi, hunirekebishia mpira wa oksijeni ninaopumulia, hunisimulia nani ameleta gari gani. Alhamisi ya mwezi uliopita hakusimulia. Alikoroga supu yangu hadi ikapoa.

"Al," akasema. Alianza kuniita hivyo nilipoanza kuumwa. "Nitamwambia daktari anipime kichwa."

"Una nini?"

"Huwa narudi nyumbani mara mbili kuangalia jiko. Roelie ananicheka. Nikifunga bolti namwita mtu aitazame, ingawa nimeitazama. Nilidhani ni uzee, lakini nimefikiri, siyo uzee. Nimekuwa hivi tangu nina miaka ishirini na mitano."

Aliendelea kukoroga.

"Unajua kwamba naikumbuka ile sinia? Naiona. Nukta mbili kushoto, halafu tatu, halafu nne. Naziona kama ninavyokuona wewe. Na haikuwa hivyo." Akasukuma bakuli kwangu. "Mtu anayekumbuka wazi hivyo kitu ambacho hakikuwapo, Al, kichwa chake kina kasoro. Kunywa, imepoa."

Nikanywa.

Gerben, hii ndiyo sababu nimeomba usomewe haya mbele ya watu, na si kuambiwa jikoni kwangu, ambako ungenisamehe kabla sijamaliza sentensi. Ulichokiona kwenye sinia kilikuwapo. Nukta mbili kushoto, halafu tatu, halafu nne. Macho yako hayakukosea siku ile, wala kumbukumbu yako haijakosea siku yoyote baadaye. Usiende kupimwa kichwa. Jiko umelizima.

Kamati ya sherehe imetengeneza tuzo: vifuniko viwili vya Nash vilivyochomelewa pamoja juu ya kibao, nukta tatu mbele ya nukta mbili, na chini yake jina la Gerben. Najua waliitengeneza kwa upendo. Ninaomba jina libanduliwe, na kitu chenyewe kiletwe kwangu, Mtaa wa Lincoln, mlango wa nyuma upo wazi. Na lile neno la chumba cha chakula, mafundi, nimelitunga mimi na nina haki ya kulirekebisha. Anayechanganya vitu amepiga Dozeman.

Kwa niaba ya karakana, na ya kila mwenye gari kuukuu aliyewahi kufika nyumbani kwa sababu ya mikono yake, namshukuru Gerben Riemersma kwa miaka arobaini na saba. Tunakutakia, Gerben, pumziko refu pamoja na Roelie, asubuhi za kuvua samaki ziwani, wajukuu wahesabu kwa mpangilio wowote watakaoutaka, na uondoke nyumbani mara moja tu bila kurudi kuangalia jiko.

Limebaki jambo moja, ambalo hata mimi mwenyewe nimelikwepa hapo juu nilipoandika kwamba niligundua Jumanne.

Jumamosi ile, nilipokaza bolti ya mwisho, nilishika chuma cha kuzungushia nikaizungusha krenki kwa mkono, kama tunavyofanya sote na kama nilivyokufundisha wewe, Gerben. Ilizunguka, lakini ilikuwa nzito, na uzito ule ulikuja mahali palepale katika kila mzunguko. Nilikuwa na miaka ishirini na minne katika kazi hii, na uzito ule una maana moja tu. Niliinua taa nikafuta grisi kwa kidole. Niliona nukta tatu mahali pa mbili. Nikatazama saa ya ukutani: ilikuwa saa tisa na nusu. Kufungua tena kungemweka mchungaji hapo hadi jioni, na kungemfanya Mzee Boersen ashuke shimoni kuuliza nani aliyegonga sinia. Nikafuta kidole, nikafunga sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, nikapanda juu. Herufi zako nilizipiga baadaye, nikiwa najua.